Wanaapolo: Nani kasema hofu ya shimo la angani si yetu?

Kuna kauli ambayo nimeisikia mara nyingi katika vikao vya wahakiki wa fasihi ya Kiswahili, hata sasa inapita kama ukweli usiohitaji ithibati. Eti hadithi za kutisha zinazotokea angani, ndani ya mashimo na migodi ya sayari za mbali, ni mambo ya Hollywood. Sisi, wanasema, tuna ngano zetu, tuna mizimu yetu, tuna siasa zetu; hayo ya roketi tuwaachie wenyewe.

Kauli hii ina madhara yake. Mwaka jana kijana mmoja wa kwetu Kiirua alinionyesha barua aliyoandikiwa na mchapishaji ambaye sitamtaja. Muswada wa kijana huyo unahusu vibarua walioajiriwa kuchimba madini katika sayari fulani, kilomita kadhaa chini ya uso wake. Siku moja wanasikia mtu akigonga mwamba kutoka upande wa pili. Kiswahili chake kina walakini hapa na pale, na mhariri angekuwa na haki ya kumrudishia aunyooshe. Lakini sababu aliyopewa haikuwa lugha. Aliambiwa kuwa hadithi yake haiakisi mazingira ya Mwafrika.

Mazingira yapi? Hebu tuanzie hapo hapo Kiirua.

Kiirua iko Buuri, katika Kaunti ya Meru, kwenye miteremko ya Mlima Kenya inayotazama kaskazini. Ni nchi ya viazi, ngano na upepo. Ukisimama mahali palipoinuka unaona ardhi ikiporomoka mpaka nyanda za Isiolo, na usiku usio na mawingu nyota zinakuwa karibu mno. Huko ndiko nilikosikia mara ya kwanza simulizi la Mbwaa, ambalo limesimuliwa kwa watoto wa Kimeru vizazi na vizazi, japo Waimenti, Watigania, Waigembe na Watharaka hawalisimulii kwa namna moja. Wasomi wamelinakili pia: Bernardo Bernardi aligusia habari zake katika kitabu chake kuhusu Mugwe mwaka 1959, Alfred M'Imanyara akalirejelea mwaka 1992, na Jeffrey Fadiman mwaka uliofuata.

Simulizi lenyewe ni hili, kwa ufupi. Mababu zetu waliishi Mbwaa, mahali palipozungukwa na maji, ambapo baadhi ya wanahistoria hupahusisha na kisiwa cha Manda huko Lamu. Wakavamiwa na watu walioitwa Nguo Ntune, yaani Nguo Nyekundu, wakafanywa watumwa. Walipolalamika kwamba mateso yamezidi, mabwana zao wakawapa masharti: yatimizeni au mfe. Watengeneze ndara yenye manyoya pande zote mbili. Wamlete mbwa mwenye pembe. Kila sharti lilikuwa na werevu wake wa kulitegua, na mzee aliyewaongoza, Koomenjwe, alilitegua.

Halafu yakaja masharti mawili ambayo ndiyo yaliyoninyima usingizi utotoni. Kwanza, tunda lilitumbukizwa ndani ya shimo refu, jembamba, na watu wakaamriwa walitoe bila kulichoma kwa mti wala kulivuta kwa kulabu. Wakamimina maji shimoni mpaka tunda likaelea juu. Hilo likapita. Kisha wakaamriwa wafue mkuki mrefu wa kufika mbinguni. Hapo werevu ukaisha. Hakuna maji ya kumimina, hakuna hila. Wakatoroka, wakavuka maji, na hata leo koo zetu hujitaja kwa saa za kuvuka kule: Njiru walivuka usiku, Ndune alfajiri, Njeru jua likiwa limekwisha chomoza.

Shimo na mbingu, basi, viko katika simulizi moja, na simulizi hilo linasimuliwa Kiirua tangu kabla ya Hollywood kuwako. Lakini angalia kitu kingine, ambacho kwangu ndicho kiini cha makala haya. Ndani ya shimo lile hamna joka. Hamna zimwi. Kule juu mkuki unakotakiwa kufika hamna kiumbe chenye meno. Kinachotisha ni yule aliyesimama ukingoni akitoa amri. Nguo Ntune hana haja ya tunda, na mkuki wa kugusa mbingu hautamfaa kitu. Anataka kukuona ukishindwa.

Tushuke sasa pwani, maana Kiswahili ndiko kilikozaliwa. Huko nako shimo na mbingu ni majirani wa kale. Neno letu "kuzimu" ni la Kibantu, lina shina lile lile la "mzimu", na kiambishi "ku-" kinaonyesha ni mahali: huko kwa wazimu wa kale, huko kwa waliokufa. Uislamu ulipokuja ukaleta mbingu saba na ardhi saba, na pamoja nazo majina ya tabaka za moto. Mojawapo ni "Hawiya", ambalo kwa asili yake ya Kiarabu linatokana na kuanguka: shimo la kuporomokea. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir wa Pate, katika Al-Inkishafi, anaitembeza nafsi katika majumba yaliyobaki magofu, anaishusha kaburini, na mwishoni anaifikisha kwenye tabaka hizo za moto. Nazo tenzi za Miraji, zinazosimulia Mtume akipaa mbingu hadi mbingu, zinamwonyesha msikilizaji pepo na pia mateso ya motoni. Kwa muumini hizo si bunilizi, na mimi sizihesabu hivyo. Ninasema tu kwamba sikio la Mswahili lilizoea mapema kusikia habari za safari ya juu ambayo msafiri huoneshwa shimo.

Unguja nako kuna Giningi, mji wa wachawi usioonekana, ambamo wanga hukutana. (Kiswahili, kwa njia, kina "mwanga" wa nuru na "mwanga" mchawi wa usiku, na ukiondoa muktadha huwezi kuwatofautisha. Lugha nyingine zingelipa kupata bahati hiyo.) Muhammed Said Abdulla alilichukua jina hilo akalitia katika riwaya yake ya 1968, Kisima cha Giningi. Miaka minane kabla ya hapo alikuwa ametoa Mzimu wa Watu wa Kale, iliyoshinda shindano la uandishi la Shirika la Vitabu la Afrika Mashariki. Katika riwaya hiyo maiti inakutwa mzimuni, mahali ambapo wenyeji wanapaogopa, na kila mtu yuko tayari kuwatwika mizimu mauaji hayo. Bwana Msa anawasha kiko chake, anauliza maswali, na mwisho wa siku inajulikana kuwa aliyeua ni binadamu mwenye sababu za kibinadamu. Angalia tena: hofu imeelekezwa shimoni, hatia iko ukingoni.

Nikiwa huku pwani siwezi kumruka Rider Haggard, ingawa sina mapenzi naye. Mwaka 1885 alichapisha riwaya ambayo Frederick Johnson aliileta katika Kiswahili mwaka 1929 kwa jina la Mashimo ya Mfalme Sulemani. Vizazi vya wanafunzi wa Afrika Mashariki viliisoma. Neno la Kiingereza pale ni migodi. Johnson akachagua "mashimo", na kwa maoni yangu alichagua vyema, kwa sababu mgodi ni mahali pa kazi na shimo ni mahali pa kuogopa. Nani aliyeisoma anaweza kusahau pango lile la wafalme waliogeuka mawe kwa matone ya maji, wamekaa mezani na mauti? Au lango la mwamba linaloshuka taratibu likimponda Gagool?

Lakini kinachotuhusu zaidi sisi wa mlimani ni kitabu chake kingine, Allan Quatermain, cha 1887. Haggard hakuwahi kukanyaga huku. Alikuwa na ndugu yake aliyehudumu kama balozi mdogo wa Uingereza Lamu, na kulikuwa na maandishi ya Joseph Thomson kuhusu safari yake katika nchi ya Wamaasai. Kwa malighafi hiyo akawatoa mashujaa wake Lamu, akawapandisha Mto Tana, akawapitisha ng'ambo ya Mlima Kenya, kisha akawazamisha katika mto unaopita chini ya ardhi, gizani, ambamo nguzo ya moto inalipuka kutoka majini. Wanapotokeza kwenye korongo wanavamiwa na kaa weusi wakubwa ajabu. Hiyo, ndugu msomaji, ni hadithi ya kutisha ya chini ya ardhi, iliyopachikwa nyuma ya mlima wetu na mtu ambaye hakuwahi kuuona. Yeye hakuulizwa kama ameakisi mazingira ya Mwafrika. Tofauti yake na simulizi la Mbwaa ni kwamba kwake shimo linatisha kwa sababu ni letu. Kaa ni wetu, giza ni letu, mchawi Gagool ni wetu. Anayeshuka ni mgeni jasiri, na hakuna aliyemwamuru.

Mwaka 1951 Shaaban Robert akaandika Kusadikika, na kwenye jalada akaeleza waziwazi kwamba ni nchi iliyo angani. Tumeisoma riwaya hiyo kama istiari ya dhuluma ya kikoloni hadi tumesahau kuyasoma maneno yenyewe. Angani! Nchi nzima inaning'inia juu, ina mfalme, ina mawaziri, ina baraza. Wajumbe sita wanatumwa pande sita: mashariki, magharibi, kaskazini, kusini, mbinguni na ardhini. Ndiyo, ardhini, kwa maana wao wako juu na dunia iko chini yao, ni mahali pa kupelelezwa. Kila mjumbe anayerudi na maarifa mapya anatiwa gerezani. Karama, mshtakiwa, anawasimulia hakimu na waziri Majivuno habari zao mmoja mmoja, na kadiri anavyosimulia ndivyo unavyong'amua kuwa wale watu sita wangali ndani wakati kesi inaendelea. Gereza la angani. Kama hiyo si hofu, sijui hofu ni nini. Ila Shaaban, kwa upole wake, hakutupeleka ndani ya gereza lenyewe. Alitusimamisha mahakamani, akatuachia tukisie.

Sasa tuje kwenye miaka ya roketi, ambapo kisa kinachekesha kidogo kabla hakijahuzunisha. Tarehe 8 Septemba 1966 televisheni ya Marekani ilionyesha kipindi cha kwanza cha Star Trek. Miongoni mwa mabaharia wa chombo kile alikuwamo Uhura, aliyeigizwa na Nichelle Nichols, na jina lake lilitokana na neno letu "uhuru". Katika kipindi hicho hicho kuna kiumbe anayejigeuza umbo na kufyonza chumvi yote mwilini mwa binadamu mpaka afe. Anamjia Uhura katika sura ya mwanamume Mweusi na kumsemesha. Kwa lugha gani? Kiswahili. Yaani usiku huo wa kwanza wa Star Trek, Kiswahili kilitoka kinywani mwa zimwi. Wanaosema lugha yetu haina nasaba na hofu za angani wamechelewa kwa takriban miaka 60.

Miaka minne baadaye jina lile lile likapaa kweli. Kwenye jukwaa la San Marco, lililosimamishwa na Waitaliano baharini karibu na Malindi, setilaiti ilirushwa tarehe 12 Desemba 1970, siku ya Jamhuri. Mhandisi aliyeongoza mradi, Marjorie Townsend, aliipa jina Uhuru kwa heshima ya sikukuu hiyo na ya nchi mwenyeji. Ilikuwa setilaiti ya kwanza kutengenezwa kwa kazi moja tu ya kuchunguza mionzi ya eksirei kutoka angani, na orodha ya mwisho iliyotokana na kazi yake ilikuwa na vyanzo 339 vya mionzi hiyo. Riccardo Giacconi, kiongozi wa wanasayansi wake, alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2002.

Kati ya vyanzo hivyo kuna kimoja katika kundi la nyota la Batamaji, kiitwacho Cygnus X-1. Kilikuwa kimegunduliwa mwaka 1964, lakini Uhuru ndiyo iliyoonyesha kuwa mionzi yake inabadilika kwa kasi ya kushangaza, chini ya sekunde moja. Kitu kinachopepesa kwa haraka hivyo lazima kiwe kidogo, na hesabu za nyota inayokizunguka zilionyesha kuwa ni kizito mno kuliko jua letu. Vipimo vya 2021 vinakadiria uzito wa majua 21. Kitu kizito namna hiyo kilichofinyangwa padogo hivyo hakiachi hata mwanga utoke. Gesi ya nyota jirani inavutwa, inazunguka, inapata joto la mamilioni ya nyuzi, inatoa eksirei kama ukelele wa mwisho, kisha inaingia na haionekani tena. Kwa Kiswahili tunakiita shimo jeusi. (Jeusi, tafadhali, si "nyeusi": shimo liko katika ngeli ya LI-YA, na kosa hili nalisikia hata redioni.)

Kwa hiyo shimo refu kuliko yote angani lilipatiwa ushahidi wake wa kwanza wenye nguvu kwa macho ya chombo chenye jina la Kiswahili, kilichorushwa kutoka maji ya Malindi, kaskazini kidogo ya Mombasa na kusini kidogo ya Manda ile ya Wameru. Je, kuna riwaya ngapi za Kiswahili kuhusu jambo hilo? Mimi bado naitafuta moja. Tumekuwa hodari wa kutoa majina. Tumewapa Uhura, tumewapa Uhuru. Hata Wanuri Kahiu, Mkenya mwenzetu, alipotengeneza mwaka 2009 filamu nzuri ya watu wanaoishi wamejifungia baada ya vita vya maji kuimaliza dunia, aliiita Pumzi. Ila ukiisikiliza, humo ndani ni Kiingereza. Simlaumu, msanii huenda palipo na hela na hadhira. Lakini inauma kidogo kuona lugha yako ikiandikwa mlangoni na kuzuiwa sebuleni.

Aliyeingia sebuleni ni Katama Mkangi. Huyu alikuwa mwanasosholojia, mwana wa Pwani, mhadhiri, na mwaka 1986 serikali ilimtia kizuizini pamoja na wasomi wengine katika msako wa Mwakenya. Kwa wasomaji wadogo kiumri: katika miaka hiyo, chini ya jumba la Nyayo katikati ya Nairobi, kulikuwa na vyumba ambamo washukiwa walifungiwa gizani, uchi, sakafu zikijazwa maji, huku juu yao wananchi wakipanga foleni kutafuta huduma za serikali. Vyumba hivyo vilifunguliwa umma uvione mwaka 2003. Nimewahi kuviingia. Kinachokushtua si udogo wake. Ni kwamba ukitoka nje, hatua chache tu, uko Barabara ya Kenyatta na matatu zinapiga honi.

Mwaka 1995 Mkangi alichapisha Walenisi. Dzombo, mtu wa utawala dhalimu, anahukumiwa kifo, na namna ya kumuua ni kumtia katika chombo cha angani na kumrusha. Hebu fikiri kidogo kuhusu wazo hilo. Chombo cha angani kimekuwa seli. Mahali padogo kuliko pote na mahali papana kuliko pote pamekuwa kitu kimoja, na katikati amefungwa mtu. Dzombo anafanikiwa kukimudu chombo, anatua katika sayari ambayo watu wake wameshinda tamaa na unyonyaji, na riwaya inageuka kuwa mjadala wa utopia. Wahakiki wengi wameshughulika na huo mjadala, na wana haki. Mimi daima narudi kwenye zile kurasa za mwanzo, maana hapo ndipo Mkangi anapoandika hofu ya kweli. Na tazama inavyofuata mkondo ule ule: Dzombo hatishwi na kiumbe wa angani. Wakazi wa huko wanamkaribisha. Aliyemtisha ni yule aliyefunga mlango kutoka nje.

Ningependa kuwa mkweli kwa Hollywood pia. Filamu ya Alien ya 1979, ambayo wengi huitaja kama mfano wa utoto wa Magharibi, ina joka lake, naam, lakini ina pia kampuni iliyoamua tangu awali kwamba mnyama aletwe hata kama mabaharia wote watakufa. Wale si mashujaa. Ni wafanyakazi wanaosafirisha shehena ya madini na kubishana kuhusu bonasi. Vijana wetu wanaotazama filamu za aina hiyo mitaani, wengine kwa sauti ya DJ Afro anayezisimulia kwa Kiswahili chake cha mtaani, wanalielewa hilo bila kufunzwa na profesa. Kibarua ni kibarua.

Na hapa ndipo ninapotaka kuwapeleka wale wanaodai kuwa Mswahili hajawahi kuunganisha shimo na anga: Mererani, Tanzania, chini ya mwinuko wa Kilimanjaro. Huko ndiko pekee duniani tanzanaiti inakochimbwa, tangu ilipogunduliwa mwaka 1967. Wachimbaji wadogo wanashuka kwa kamba na ngazi katika mashimo membamba yanayofika mamia ya mita, wengine kwa miaka mingi bila mshahara, wakisubiri fungu lao jiwe likipatikana. Watoto waliotumwa kwenye nyufa ambazo mtu mzima hapiti waliitwa "nyoka". Na wachimbaji wenyewe wanaitwa nani? Wanaapolo.

Neno hilo limeenea hadi magazeti ya Tanzania hulitumia bila kulieleza. Asili inayotolewa ni ile ile ya Apollo, vyombo vya Wamarekani vilivyokwenda mwezini: kushuka shimoni ni sawa na kurushwa angani. Unaaga nyumbani, unaingia mahali pasipo hewa ya kutosha, huna hakika ya kurudi, na wakubwa waliokutuma wako juu salama. Hakuna kamati ya istilahi iliyolibuni. Hakuna mhadhiri. Vibarua walichukua jina la roketi, wakalibandika "mwana-" na "wana-", wakalifanya jina la mtu wa shimoni. Kwa neno moja wamefanya kile ambacho mhariri wa yule kijana wa Kiirua anadai hakiwezekani katika mazingira yetu.

Na hofu ipo, tena ya kutosha. Mwaka 1998, wakati wa mvua za El Niño, na tena mwezi Machi 2008, maji ya mvua yaliingia mashimoni Mererani. Makumi ya wanaapolo walifia ndani kila mara, na kuitoa miili kulichukua siku nyingi, kwa sababu mashimo yale yameunganishwa huko chini kwa njia ambazo waliozijua vyema ni wale wale waliokufa. Nikisoma habari hizo nakumbuka tunda la Mbwaa. Katika simulizi letu maji yalimiminwa shimoni na kilichokuwa chini kikaelea juu.

Mwaka 2024 watafiti walioongozwa na Chuo Kikuu cha Trento, Italia, walitangaza kwamba picha za rada zimethibitisha kuwapo kwa pango chini ya mwezi. Mlango wake ni shimo lililoko katika Bahari ya Utulivu, tambarare ile ile ambayo Apollo 11 ilitua Julai 1969, kiasi cha kilomita 400 kutoka hapo. Pango lenyewe liko zaidi ya mita 100 chini ya uso, na huenda lilifanywa na lava, kama mapango tuliyo nayo Chyulu na Suswa. Mashirika ya anga yanaliona kuwa makazi yanayofaa, kwa sababu humo ndani mtu atajikinga na mionzi na joto kali. Nimeona michoro yake: vyumba vyeupe, taa, mimea katika vyungu. Sijaona mchoro unaoonyesha nani atapelekwa kuchimba.